Dume na Jike Wote

Malukhu, Mbale
5 Februari 2024

Kwa Binti Mayur,

Salaam nyingi. Sijui kama unanikumbuka, lakini baba yako alinijua sana. Mimi ni Asadu, mume wa marehemu Khadija, yule binti wa Masese, kule ziwani, ambaye baba yake alikuwa akinunua nyavu dukani kwenu kila mwezi, na kila mwezi akilalamika kwamba zinaoza. Baba yako aliniita Afande hata nilipokwisha kuvua magwanda, na mimi nilimwita Bwana Mayur hata aliponikataza. Habari za msiba wake zilinifikia nikiwa nimeshachelewa. Pole, mwanangu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu kwangu ni kelele tupu. Masikio yangu niliyaacha jeshini. Mtu akinipigia mimi husema tu "ndiyo, ndiyo", na baadaye najikuta nimekubali mambo nisiyoyajua. Kwa barua angalau naona ninachokubali.

Shemeji yangu Ramlah wa Bugembe ameniambia kwamba kazi yako ni mifupa ya samaki. Nilicheka kidogo, unisamehe. Nilidhani mifupa ya samaki ni kazi ya paka. Lakini nimekaa nikafikiri, nikaona kwamba katika Uganda nzima mtu ninayemhitaji ni wewe.

Nyuma ya nyumba yangu kuna bwawa. Khadija alipoolewa, wenzake walikuwa wakija na masanduku na mikeka, wangu mimi alikuja na samaki wa ziwani, ngege. Aliwabeba hai ndani ya debe la maji kutoka Masese, akakaa nao kwenye treni njia nzima, kila stesheni akiomba maji mapya. Akawatia bwawani, wakazaana. Miaka yote hiyo alishikilia kwamba hawa ndio ngege wenyewe, wale wa ziwa la baba yake, na kwamba wanaouzwa sokoni siku hizi wameazima jina tu. Mimi nilimwambia samaki ni samaki. Yeye alinijibu, "Wewe jua bunduki yako, mimi najua ngege yangu." Tulibishana hivyo mpaka ubishi wenyewe ukawa namna yetu ya kusalimiana asubuhi.

Alifariki mwezi wa Septemba. Sasa asubuhi hakuna wa kunibishia.

Ukasha, mtoto wa kaka yangu, anataka kulifukia bwawa ajenge vyumba vya maduka. Ananiambia, "Mzee, hii samaki ni ile ile ya soko. Wewe nalinda maji bure." Si kijana mbaya. Ana watoto na hana pa kujenga, wala sina sababu ya kumnyima isipokuwa hiyo moja. Nimempa neno langu: kama ni ngege wa soko, bwawa ni lake. Kama Khadija alisema kweli, halifukiwi nikiwa hai.

Nakutumia samaki mmoja, nimemkausha kwa moshi. Anamleta Jimmy wa taksi ya Jinja, na jibu lako umpe yeye.

Ningependa kujua kama nilimbishia mke wangu bure.

Wako,
Asadu


Jinja
14 Februari 2024

Mzee wangu Asadu,

Salaam na heshima. Nisikukumbuke kwa nini? Ulikuwa ukikaa juu ya marobota ya nyavu ukinifundisha kupiga saluti, na mama yangu Bhagwati akikuletea chai ya tangawizi, ukisema ni kali kuliko sajini wako. Kiswahili changu ni cha duka, nimekiokota kwa wateja wa baba na wapagazi wake, kwa hiyo nikikosea unisahihishe bila huruma. Na kuhusu paka ni kweli, tunagombania vitu vilevile, ila mimi naviosha kwanza.

Pole sana kwa Bi Khadija. Nilichelewa kusikia, kama wewe ulivyochelewa kusikia ya baba.

Kuhusu jina, mke wako alisema sawa. Ngege wa zamani wa ziwa letu ni samaki mmoja, na huyu tunayemla leo ni mwingine. Huyu ni mgeni, aliletwa akatiwa ziwani zamani za Waingereza. Yule wa zamani alipopungua, jina lilibaki bila mwenyewe, na mgeni akalivaa. Leo ukienda Masese ukauliza ngege, utaonyeshwa mgeni, na anayekuonyesha hakudanganyi, ndivyo alivyokuta.

Shida ni kwamba wanafanana kama mtu na ndugu yake, na samaki wa bwawani ngozi yake haiaminiki. Matope humbadilisha rangi, njaa humbadilisha umbo. Na moshi wako, Mzee, umemaliza hata ile rangi kidogo iliyobaki.

Ndiyo maana mimi huenda kwenye mifupa. Samaki hawa wana taya la pili, limefichwa ndani ya koo, mfupa wa pembe tatu uliojaa meno. Mgeni hula kila anachokutana nacho, na meno yake ya kooni ni manene kidogo, yameachana. Ngege wa zamani alikuwa akila ule ukijani unaoelea majini, mwingine mdogo hata jicho haliuoni, na meno yake ni membamba mno, yamesongamana. Ukipitisha kidole ni kama unagusa mahameli. Leo asubuhi nimefungua koo la samaki wako. Nilipitisha kidole, halafu nikatafuta kiti nikakaa.

Lakini bado sijasema kitu. Hawa ndugu wawili wakikutana huzaana, na watoto wao hutoka na meno ya katikati, huyu kavuta huku, yule kavuta kule. Samaki mmoja anaweza kunidanganya. Uliyenitumia ni dume. Nitumie dume na jike wote, mifupa mitupu, ndipo nitakupa neno la mwisho. Tafadhali, moshi sasa basi. Wachemshe kwa moto mdogo, nyama uitoe kwa vidole, usitumie kisu, na mifupa ya kila samaki uifunge peke yake katika kitambaa, uandike D au J. Lile taya la koo lisipotee.

Mkubwa wangu hapa kwenye kituo cha utafiti wa samaki anasema, ikiwa ni wenyewe kweli, tutakuja Malukhu sisi wenyewe kuongea na Ukasha. Tutatafuta namna ya kulilinda bwawa na yeye asikose pa kujenga. Nisikupe matumaini makubwa. Lakini mimi mwenyewe tayari ninayo.

Binti yako,
Tejal


Malukhu
2 Machi 2024

Binti Mayur,

Amri yako imetekelezwa. Dume na jike wote.

Mzigo huu ni mkubwa kuliko ule wa kwanza, kwa hiyo nimemwomba Jimmy asiupakie juu ya taksi. Ni maboksi ya sabuni, nimeyafunga kwa kamba. Ukifungua, anza na lile lenye alama ya wino, ndimo walimo wazee.

Nisikufiche, barua yako nilikaa nayo. Nilidhani utataka wachache. Nikaisoma tena: dume na jike wote. Jeshini tulifundishwa kwamba mkubwa akishasema wote, anayeuliza "hata hawa?" ni mtu asiyemwamini mkubwa wake, na kwa mambo ya samaki mkubwa ni wewe. Nikajiambia, pengine ukweli wao hauonekani mpaka wasimame wote, maana hata gwaride halikaguliwi nusu. Nikamwita Ukasha na wavu. Alikuja mbio. Tangu Khadija afariki sijamwona kijana huyo akinitii upesi hivyo.

Tulianza kwenye kina, tukamalizia ukingoni. Niliazima sufuria za msikitini, na moto nikauweka mdogo kama ulivyosema. Jirani yangu Naigaga alichungulia juu ya ua akauliza, "Afande, wewe naoa tena?" Nikamwambia hii ni kazi ya serikali, akacheka mpaka akashika ua. Nyama nilimgawia yeye na wengine. Mimi sikuweza kula. Khadija alikuwa akiwala wachache tu, siku ya Idi, na kabla ya kuwatia mafuta alikuwa akiwaomba radhi, mimi nikimcheka. Safari hii niliomba radhi mimi, na hakuna aliyenicheka.

Kila taya la koo nilipitisha kidole, maana uliponiandikia mambo ya mahameli nilipata hamu. Haikunisaidia. Nilinunua na ngege wa sokoni nikamjaribu, naye nikamwona vilevile. Vidole vyangu vimezoea bunduki na jembe, havijui mahameli. Hilo nakuachia wewe.

Wavu wa mwisho ulitoka mtupu. Ukasha akasema, "Basi, Mzee, kazi imeisha," nikamwona anapima ukingo kwa miguu, huku akijifanya ananyoosha viungo. Ameshaongea na mwenye lori la udongo. Mimi nimemwambia hata kijiko cha udongo hakiingii mpaka barua yako ifike.

Nakwambia kweli, bwawa lisilo na samaki lina kimya chake. Jioni nilizoea kusikia wakipiga maji. Mimi kiziwi, lakini hao nilikuwa nawasikia, au nilikuwa nahisi tu, sijui. Jana nilikwenda na pumba mkononi kwa mazoea.

Ramadhani inakaribia. Niandikie kabla haijaenda mbali. Niambie, Khadija alisema kweli?

Asadu


Jinja
9 Machi 2024
(Haikutumwa)

Mzee wangu,

Jimmy alipoanza kushusha maboksi nilimwambia amekosea mzigo. Alinionyesha jina langu. Nikamwambia kuna Tejal mwingine. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu mwenye homa.

Wawili, Mzee. Nilitaka wawili. Dukani kwetu mteja akishika kufuli mkono huu na komeo mkono ule, baba alimwuliza, "Unachukua wote?" na maana yake ilikuwa hivyo viwili vilivyo mikononi, si duka zima. Ndicho Kiswahili nilichokulia. Nilipoandika dume na jike wote nilimwona dume mmoja na jike mmoja, wamelala mezani pangu. Wewe uliona kikosi kizima. Na kosa si lako, maana neno lilisema ulichokisoma. Kuongeza tu "wawili" kungenigharimu nini?

Tangu Jumanne niko na mifupa yako. Umeisafisha vizuri mno, hakuna hata mwiba uliovunjika, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kuona jinsi ulivyofuata kila neno. Nimepitia kila kitambaa. Nilikuwa naomba nikute wa katikati, hata mmoja, nipate pa kujificha. Hakuna. Kuanzia wale wazee wa alama ya wino mpaka wadogo, dume kwa jike, meno ni yaleyale membamba, yamesongamana. Hakuna mgeni aliyewahi kugusa bwawa lile.

Bi Khadija alisema kweli. Aliwaleta ngege wenyewe kwa debe, akawatunza maisha yake yote, na sijui kama nitaona tena bwawa lililowashika safi namna hii. Yeye alikuwa amewashika, na mimi nimewamaliza kwa neno moja. Ni mimi, Mzee, si wewe. Lakini nikikuandikia hivi, wewe hutasoma "si wewe". Utasoma tu kwamba alikuwa sahihi, na kwamba sufuria zilikuwa zako, na utakaa na hilo peke yako katika nyumba ile ambayo


Jinja
15 Machi 2024

Mzee wangu Asadu,

Ramadhani njema. Maboksi yalifika salama na nimemaliza kuyapitia. Nisamehe kwa kuchelewa, mifupa ilikuwa mingi na sikutaka kukupa jibu la haraka.

Ulifanya vizuri kutuma wote. Kwa wachache nisingejua.

Jibu ni hili. Samaki ambao Bi Khadija aliwaleta kwa debe walikuwa ngege wenyewe. Hilo lisikusumbue tena, alisema kweli, na alama zao bado zinaonekana kwenye baadhi ya mataya. Lakini wageni waliingia kati yao. Nadhani ni yale mafuriko ya mwaka juzi, maji yalipokuwa yakipita kila mahali Mbale na kubeba samaki wa watu. Wakakutana, wakazaana, wakachanganyika wote. Uliowachemsha hawakuwa tena wale wa debe. Walikuwa samaki wa kawaida, wenye meno ya katikati, na wa namna hiyo wako wengi kila mahali.

Kwa hiyo wewe hukuharibu kitu. Na yeye hakukosea. Mlikuwa sahihi nyote, kila mmoja kwa wakati wake. Baba angesema hiyo ni biashara nzuri, hakuna aliyepata hasara.

Fungua saumu yako na watu, Mzee, usikae peke yako. Nikipata nafasi baada ya Idi nitakuja kukusalimia.

Binti yako,
Tejal


Malukhu
27 Machi 2024

Binti Mayur,

Salaam. Nakuandikia nikiwa na saumu, kwa hiyo mwandiko ukiyumba usidhani ni uzee peke yake.

Barua yako Jimmy aliniletea mpaka mlango wa msikiti. Niliisoma nimesimama, kisha nikaenda nayo makaburini, nikamsomea Khadija kwa sauti. Watu waliopita waliona mzee anapiga kelele peke yake, nikawaacha waone. Nilimwambia, haya, umeshinda, wa debe walikuwa wenyewe. Nililia, na mimi si mtu wa kulia. Nimejuta kila asubuhi niliyomwambia samaki ni samaki. Ningeweza kumwambia hata mara moja, labda wewe unajua. Isingenipunguzia kitu.

Sasa nikutolee jambo nililokuficha, maana wewe hukunificha. Amri yako sikuitimiza yote. Siku ile ya wavu, nilipowashika majike mkononi, walifungua midomo wakatema watoto. Wewe bila shaka unajua kwamba ngege hulea watoto wake mdomoni. Mimi Khadija aliwahi kunionyesha, nikasahau. Walimwagika wengi, wadogo kama mbegu za simsim, wakakimbilia kwenye majani ya ukingoni. Wavu wetu ulikuwa na matundu makubwa, haukuwashika. Ningeweza kwenda nyumbani kuchukua chandarua. Nikasimama pale nikajitetea: barua imesema dume na jike, na hawa bado si dume wala jike. Nikawaacha. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kukwepa amri, na sikuona aibu hata kidogo. Nilipokuandikia nilikwambia wavu ulitoka mtupu, na ni kweli ulitoka mtupu.

Kila asubuhi niliwapelekea pumba, Ukasha asione. Walikua haraka. Walifika mahali wakawa wanakuja wakisikia miguu yangu. Nilikuwa nimepanga kwamba ukiandika ni wenyewe, nisikujibu kwa barua, nikuite tu uje, nikusimamishe ukingoni nione uso wako.

Basi umeandika kwamba si wenyewe tena, na neno nililompa Ukasha ni neno. Jumatatu lori lilikuja. Ukasha alinitazama, nadhani mwenyewe aliona haya. Barua yako ilikuwa mfukoni. Isingekuwa hiyo ningekaa mbele ya magurudumu, na mzee wa jeshi akikaa chini haondolewi upesi. Nikamwambia dereva, "Mwaga." Maji yalipochafuka wadogo wale walipanda juu kutafuta pumzi, wakasogea upande wangu, wakidhani nimeleta pumba. Niligeuka nikaenda kukaa barazani. Ukasha alikuja kunishika mkono, akasema chumba cha kwanza atakipa jina la mama yake mdogo Khadija. Jana walishindilia udongo, na leo asubuhi watoto wake wanacheza mpira juu yake.

Roho imeniuma, sitakudanganya. Lakini nimejiambia, Asadu, wale walikuwa samaki wa kawaida, na wa namna hiyo wako wengi kila mahali.

Ramlah aliponitembelea alisema wasomi siku hizi huwaambia wazee wanachotaka kusikia. Nimemwambia si binti wa Mayur. Mwingine angenionea huruma. Angeniandikia ni wenyewe, nifurahi kwa ajili ya Khadija, na mimi ningewalinda samaki wa soko mpaka kufa kwangu, mtoto wa kaka yangu akikosa pa kujenga. Wewe uliniambia kweli. Mungu akulipe kwa hilo.

Asadu